Slabu Isiyoyumba kwa Wenye Akili Timamu

"Jaza mpaka kwenye mstari mwekundu—"

"Dada, nisikilize, ile slabu ya juu—"

"—mwekundu, siyo wa bluu, wa bluu ni wa wahandisi—"

"—nimeweka mguu mmoja tu. Mmoja! Ikacheza!"

"—na kifuniko usikaze kwa nguvu, jana umenipasulia viwili."

"Afisa! Jumamosi wanapanda watu thelathini na sita pale juu!"

"Na wote thelathini na sita watajaza mpaka kwenye mstari mwekundu."

"Inayumba, dada! Slabu inayumba!"

Hapo Afisa Eulalia akainua macho. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni kwake, maana kazi yangu kwenye kile kibanda ilikuwa kubandika majina kwenye vikopo vya mkojo, kazi ambayo niliombewa na mjomba wangu kwa barua tatu. Nikamwona anaweka kalamu chini, anavuta droo, anatoa kitabu cha kijani, analamba kidole, anafungua ukurasa wa tatu.

"Hebu rudia, baba," akasema kwa upole. "Slabu inafanya nini?"

Fundi Shekiondo, mtu wa miaka ishirini na tisa kwenye ujenzi, mtu ambaye hata sigara hajui inashikwa upande gani, akarudia. Masikini, alidhani anaulizwa ili asaidiwe.

"Dalili ya Nne," Afisa Eulalia akasoma. "Mtumiaji wa dawa za kulevya huona majengo yakiyumba. Baba yangu, nenda kakae kwenye benchi."

*

Ngoja nieleze kidogo, maana huenda wewe unatoka nchi zenye matatizo na mambo yetu huyajui. Jina la nchi yangu silitaji. Siyo kwamba naogopa. Imetuomba tusiitaje, tena kwa barua, na barua ililetwa na watu wanne.

Mwaka juzi, jengo la soko jipya lililala chini saa nne asubuhi bila kuaga. Tume ikaundwa. Tume ikatafuta saruji kwenye kifusi, haikuiona. Ikapima nondo, ikazikuta nyembamba mpaka mjumbe mmoja akachokolea meno. Ikamwita mkandarasi, ikaambiwa yuko kwenye harusi ya binti wa waziri, na wajumbe wakakumbuka kwamba na wao walikuwa na kadi. Wakaenda, wakala, wakacheza, na kesho yake wakatoa ripoti ya kurasa mia nne yenye hitimisho moja: mafundi walikuwa wamevuta bangi.

Ndivyo ilivyozaliwa Mamlaka ya Akili Timamu Kazini.

Nia yenyewe nzuri kabisa, tusibishane. Mtu aliyevuta asipande ghorofani, atajiua na atamwangushia tofali mwenzake. Hata Fundi Shekiondo alikuwa anasema hivyohivyo. Aliwahi kumrudisha nyumbani kibarua mmoja aliyekuja na gongo kichwani, miaka hiyo Mamlaka haijawaziwa. Hakuwa na kikopo wala kitabu cha kijani. Alimnusa tu, akamwambia, "Mwanangu, leo lala." Mamlaka ilipokuja ikamwandikia onyo kwa kosa hilo, kwa sababu pua siyo kifaa kilichosajiliwa.

Sasa Mamlaka inayopima mafundi wa nchi nzima haiwezi kupanga chumba nyuma ya duka la vitenge. Ikaamuliwa ijengewe makao makuu ya ghorofa nane. Na kwa kuwa ni aibu makao makuu ya akili timamu kujengwa na watu wasiopimwa, ikaamuliwa kwamba kazi iliyokwisha kuanza isimame, kijengwe kwanza kibanda cha kupimia, palepale saiti.

Nguzo za kibanda hazikufika. Zabuni yake ilishinda, nguzo ndizo zilizoshindwa. Mkuu wa Nchi anakuja kuzindua kibanda kesho asubuhi, na watu wameanza kutokwa jasho. Ndipo afisa mmoja mwenye macho makali akazunguka saiti, akaingia chini ya slabu ya ghorofa ya kwanza, iliyokuwa bado mbao na nondo tupu, akaona mirunda, ile miti inayoegemeza mbao ili zege likimwagwa juu lisimame mpaka likauke. Akahesabu arobaini imesimama tu pale, haifanyi chochote. Serikali yetu haipendi uvivu. Mirunda ikang'olewa, kibanda kikasimama, Mkuu wa Nchi akakata utepe, akaingia ndani, akatoka na tabasamu, na kikopo chake mpaka leo kiko makumbusho.

*

Benchi la watumiaji lilikuwa nje ya kibanda, juani. Fundi Shekiondo alikaa pale siku tatu. Anapimwa tena na tena, na kila jioni majibu yanatoka: safi. Tukampima mara saba. Safi, safi, safi, mpaka Afisa Eulalia akaanza kumtazama kwa wasiwasi.

"Huyu mzee ana nini?" akaniuliza.

"Labda hana kitu, dada."

"Hakuna mtu hana kitu."

Maabara yetu, nikwambie ukweli, niliiamini mpaka siku ile nilipopungukiwa na kikopo kimoja kwenye hesabu. Nikajaza maji ya maharage ya mama lishe, nikabandika namba thelathini na saba, nikaandika jina la kwanza lililonijia. Majibu yakarudi na muhuri: "Safi. Mwenye nidhamu. Apandishwe cheo." Akapandishwa. Mpaka leo maharage yale ni nyapara msaidizi, na kwa kweli hayajawahi kuchelewa kazini.

Hayo niliyaweka moyoni. Kilichonisumbua ni mzee. Hakutulia. Anasimama, anakaa, anatembea hatua sita, anarudi, anatazama juu kule kwenye mbao, anahesabu kwa vidole, anasimama tena. Alikuwa na watu thelathini na sita, amewafundisha yeye mwenyewe kushika mwiko, na Jumamosi wangepanda juu ya kitu alichokikanyaga akakisikia kinaondoka.

"Zege likiwa kidogo litavumilia," aliniambia bila kuniangalia. "Likifika katikati, uzito ukikaa, linakuja chini lote. Na wao wote. Wewe kijana wa vikopo, unamjua mkubwa yeyote?"

"Namjua mjomba wangu."

"Anaweza kurudisha mirunda?"

"Anaweza kuandika barua."

Dawa aliyoijua yeye ilikuwa moja: miti arobaini irudi ilipokuwa. Alikwisha kuiomba mara tisa. Na kuuliza jambo lilelile zaidi ya mara mbili, kama ulikuwa hujui, ni Dalili ya Saba.

Dalili ya Kwanza ilikuwa kuimba. Mafundi wetu wakimwaga zege hujipanga mstari, karai linapita mkono kwa mkono, na wimbo ndio unaomwambia kila mmoja shika sasa, achia sasa. Mamlaka ilipokataza kuimba, makarai yakaanza kudondoka kwenye vidole vya miguu. Ikatoka taarifa: "Tangu kampeni ianze, watu wanaoangusha vitu wameongezeka mara tatu, jambo linaloonyesha kwamba watumiaji ni wengi kuliko tulivyodhani. Viongezwe vikopo."

*

Alhamisi akaja Kamishna Mkuu mwenyewe, Dakta Balthazari Nyakunga, na magari sita, moja likiwa limebeba kiti chake. Akapewa faili la Shekiondo. Akasoma majibu saba, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ndugu wananchi," akasema, na tulikuwa wanne. "Mtu akiwa safi mara moja, tunampongeza. Mara mbili, tunampa cheti. Lakini mtu anayekuwa safi mara saba mfululizo, huku anaona slabu ya serikali ikiyumba, huyo anatumia kitu ambacho sayansi bado haijakipata! Na dawa isiyoonekana, ndugu zangu, ndiyo dawa hatari kuliko zote, kwa sababu haionekani!"

Afisa Eulalia akapiga makofi. Nikapiga na mimi, nina familia.

"Mheshimiwa," Shekiondo akasema, "twende wote juu, hatua kumi tu. Uweke mguu."

"Unataka na mimi nione unayoyaona?"

"Nataka ukanyage."

"Anatafuta wafuasi," Kamishna akamwambia mwandishi wake. "Andika: anatafuta wafuasi."

"Basi nipeni mirunda yangu! Ng'oeni hiki kibanda, hao watoto wa watu—"

"Kibanda hiki kimezinduliwa na Mkuu wa Nchi. Kukisogeza ni kumsogeza yeye."

Akapigwa muhuri palepale: MTUMIAJI WA DAWA ISIYOJULIKANA. Akapewa karatasi ya pinki. Karatasi ya pinki maana yake hupandi tena. Koplo Masunga, askari aliyesimama chini ya ngazi, alikuwa amekula kiapo juu ya jambo hilo: mwenye pinki hapandi, na akiwa juu, anashushwa. Ndiyo sheria pekee aliyoijua yote, na aliipenda.

Mzee akaikunja karatasi, akaitazama ngazi, akamtazama Koplo. Nikaona midomo yake inahesabu tena, lakini safari hii hakuwa anahesabu miti.

*

Ijumaa wakati wa chakula, mafundi walikuwa wamejikunyata kwa mama lishe na sahani zao za ubwabwa. Mzee akaenda kusimama katikati.

"Kesho asubuhi mkifika juu, kila mmoja akanyage slabu. Mguu mmoja, taratibu. Halafu ashuke kwa dada afisa aseme alichosikia."

"Tutaandikwa, fundi," mmoja akasema.

"Mtaandikwa. Mwenye pinki hapandi."

Kijana mmoja aitwaye Pazi akasukuma sahani. Huyu Pazi ni wa kanisa, kwaya, kinubi. Hata chai hanywi, anasema inaharakisha moyo.

"Fundi, nakuheshimu kama baba. Lakini mimi, Pazi, niandikwe mvuta bangi? Mama mkwe wangu anasoma matangazo yote. Anayasoma kwa sauti!"

"Bora akusome kwenye tangazo kuliko kwenye msalaba."

"Wewe unasema tu, wewe ushaandikwa!"

"Ndiyo. Na nipo hai, nakula ubwabwa."

"Miaka yote najitunza," Pazi akasema. "Hicho cheti cha usafi nimekitundika sebuleni, fundi. Sebuleni."

Mzee akasogea karibu. Alimwekea mkono begani, akauacha pale mpaka wali ukapoa.

*

Jumamosi saa mbili, televisheni ya taifa ilikuwa imeshafunga nyaya. Mkuu wa Nchi alikuwa anatazama moja kwa moja kutoka ikulu. Mashine ya zege inazunguka, kokoto inanguruma, zege liko tayari, na zege likishachanganywa halimsubiri mtu. Ukianza slabu unaimaliza. Ukiacha katikati ujue umeharibu. Ndiyo maana waraka wa Mamlaka ulisema siku ya zege, karai la kwanza likishapanda, hakuna anayeshuka mpaka kazi iishe, isipokuwa mtumiaji aliyethibitishwa.

Fundi wa kwanza akapanda, akakanyaga, akashuka haraka kuliko alivyopanda.

"Inayumba, dada."

Muhuri. Pinki.

Wa pili. "Inayumba." Wa tatu akawa analia kabla hajafika mezani, maana alikuwa amekanyaga kwa miguu yote miwili. Wa kumi. Wa ishirini. Wino wa Afisa Eulalia ukaisha, nikampa mwingine. Benchi likajaa, wakakaa chini, chini pakajaa, wakasimama.

Wa mwisho alikuwa Pazi. Akapanda polepole huku akisali kwa sauti. Tukaona mguu wake unashuka kwenye mbao. Tukaona unarudi.

"Dada afisa," akasema alipofika, macho yako chini. "Naomba Mungu anisamehe, na mama mkwe anisamehe. Inayumba. Inayumba sana."

Mzee Shekiondo akapumua. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza wiki nzima.

Ikafika kwa Kamishna taarifa kwamba saiti ya serikali haina hata mtu mmoja safi wa kubeba karai. Mashine inazunguka, kamera zinazunguka, Mkuu wa Nchi anasubiri.

"Nyapara msaidizi je?" akauliza. "Naona hapa ana rekodi nzuri sana."

"Hapatikani, mheshimiwa," nikasema.

Kamishna akatazama kamera. Akaona taa nyekundu inawaka. Nadhani ile taa ndiyo iliyomponza.

"Ndugu wananchi!" akapaza sauti. "Maadui wa taifa wamevuta wote kwa siku moja, ili kutukwamisha! Wamesahau kwamba nchi hii ina watu kumi na wawili wenye Cheti cha Kudumu cha Akili Timamu! Maofisa wa Mamlaka! Sisi hatupewi pinki kwa macho wala kwa maneno, kikopo tu ndicho kinachoweza kutushtaki! Tutaimwaga wenyewe!"

Shekiondo akamkimbilia. "Mheshimiwa, msipande! Nilishusha watu wangu ili asife mtu, sikuwashusha ili mfe nyinyi!"

"Mwoneeni huruma," Kamishna akaiambia kamera. "Mgonjwa."

Wakapanda. Kumi na wawili, makoti meupe, viatu vya kung'aa, Afisa Eulalia akiwa wa tano. Koplo Masunga akawapigia saluti mmoja mmoja, kisha akafunga ngazi kwa mwili wake.

*

Karai la kwanza lilivutwa kwa kamba, likafika juu salama. La pili. Walikuwa hawajui wimbo, kwa hiyo kila mtu anaachia anapojisikia. La kumi na tano lilipomwagwa, mbao zilitoa sauti kama mlango wa jela.

Wote wakasimama palepale walipo.

Kipaza sauti cha televisheni kilikuwa kwenye koti la Kamishna, kwa hiyo nchi nzima ilisikia.

"Mheshimiwa," Eulalia akanong'ona, "unahisi?"

"Sihisi. Wewe unahisi?"

"Mimi? Sihisi kabisa."

"Vizuri. Nishike mkono, tusihisi pamoja."

Mtangazaji akauliza kutoka chini, "Mheshimiwa, hali ikoje huko juu?"

"Imara!" Kamishna akajibu, ameikumbatia nondo kwa mikono miwili. "Imara mno!"

Afisa mmoja mnene akatambaa mpaka kwenye ngazi. "Koplo, nipishe nishuke."

"Karatasi ya pinki, afande?"

"Sina, nashuka tu, tumbo—"

"Basi u mzima, afande. Rudi kazini."

"Masunga, mimi ndiye niliyekuajiri!"

"Na mimi nashukuru, afande. Rudi kazini."

Chini, Shekiondo na kundi lake walikuwa wameshakivamia kibanda. Watumiaji thelathini na saba wanatikisa nguzo, mimi nimekumbatia vikopo. Askari wawili wakainua bunduki: mali ya serikali, imezinduliwa, rudini nyuma. Mzee akasimama kati ya bunduki na slabu, mikono hewani, akapiga kelele mpaka mishipa ikamtoka shingoni.

"Mheshimiwa! Neno moja! Waambie hawa watuachie mirunda! Sema tu 'irudisheni'! Dakika kumi, nitaisimamisha mwenyewe!"

Nchi nzima ikamtazama Kamishna. Taa nyekundu inawaka. Akafungua mdomo. Akaufunga. Kuomba mirunda ni kusema haipo. Kusema haipo ni kusema slabu inayumba. Na huko ikulu kuna mtu anatazama, na kitabu cha kijani kimeandikwa na Kamishna mwenyewe.

Mbao zikalia tena. Karai likateleza lenyewe kutoka upande wa kushoto mpaka wa kulia, taratibu, halafu likarudi. Hakuna aliyeligusa. Hakuna aliyeliona.

"Mheshimiwa, sema!" mzee akalia. "Nakuomba kwa jina la mama yako!"

Kamishna akapiga magoti. Akatambaa mpaka ukingoni kana kwamba anakagua mbao. Akautafuta kwa vidole ule waya wa kipaza sauti chini ya kola, akaung'oa. Akatoa kichwa chake nje ya slabu, uso umejaa vumbi la saruji, akamtazama Fundi Shekiondo pale chini, na sote tuliokuwa karibu tukamsikia anaongea kwa sauti ndogo, ya mtu aliyelelewa vizuri:

"Kaka. Samahani sana. Hapo chini kati yenu... hakuna hata mmoja mwenye kipisi cha bangi?"